Mbona fangasi wa uti wa mgongo hawana chanjo?

Mkazi wa Mbarara anauliza:
Ndugu zangu, mwaka jana nilimuuguza kaka yangu, ambaye kichwa kilimuuma majuma mawili bila kusikia dawa yoyote. Alipochomwa sindano mgongoni, maji yalichuruzika kwa kasi, na kabla ya magharibi aliweza kukaa kitandani na kuomba uji. Tuliambiwa ni fangasi aitwaye kriptokokasi, aliyempata kwa kuwa alikuwa ameacha dawa za VVU. Watoto wetu huchanjwa surua na polio. Mbona ugonjwa huu hauna chanjo?

Muuguzi, Kampala:
Pole kwa kuuguza, dada. Hadi leo hakuna chanjo ya fangasi wowote iliyoidhinishwa kwa binadamu. Seli za fangasi zinakaribiana na zetu kuliko za bakteria, kwa hiyo ni vigumu kupata shabaha isiyotudhuru sisi wenyewe. Tena kriptokokasi hujifunika koti nene la sukari. Lakini kikwazo kikubwa ni kwamba kinga dhidi yake hutegemea sana seli za CD4, yaani seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili, na hizo ndizo VVU huziangamiza.

Mwanafunzi wa tiba:
Kazi inaendelea, ingawa polepole mno kwa maoni yangu. Chanjo ya NDV-3A, iliyotengenezwa kwa protini ya fangasi wa kandida, ilijaribiwa kwa wanawake wanaosumbuliwa mara kwa mara na fangasi ukeni, na matokeo ya 2018 yalionyesha nafuu kwa walio chini ya miaka 40. Kwa kriptokokasi, kinachonipa moyo ni majaribio ya panya: waliochanjwa kwa fangasi waliobadilishwa vinasaba na kuuawa kwa joto walikingwa hata walipoondolewa seli za CD4. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka kriptokokasi katika kundi la fangasi hatari zaidi.

Mkazi wa Mbarara:
Asanteni sana. Tufanye nini wakati tunasubiri?

Muuguzi, Kampala:
Mhimizeni asikatize dawa za VVU wala flukonazoli, dawa ya fangasi huyu. Mwenye CD4 za chini apimwe damu mapema, kwa sababu kipimo cha kriptokokasi huweza kumgundua fangasi majuma kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, naye akaanzishiwa vidonge angali anatembea.