Milioni 6, nipo Moro: niuzie wanachuo, wazazi wa watoto wadogo au wazee?

Mtaji_Moro
Habari za jioni wakuu. Nina milioni 6, nataka kufungua duka hapa Morogoro ila nimekwama kwenye umri wa wateja. Wengi tunaanzaga na bidhaa halafu ndo tunatafuta mtu wa kumuuzia, mi nataka nianze na mtu, maana kijana wa miaka 20, mzazi wa 35 na mzee wa 65 ukiwapa laki moja moja leo hii haziendi sehemu moja kabisa.

Nalinganisha hivi. Mazimbu kwa wanachuo wa SUA, vifaa vya simu na vipodozi, fremu laki na nusu kwa mwezi. Kihonda, vitu vya watoto, pampasi, sare, madaftari, fremu elfu 90. Au vifaa vya wazee, mashine za presha na sukari, magongo, pampasi za watu wazima, hii mitaa ya kwetu sijaona aliyejikita nayo. Naombeni ushauri kabla sijalipa kodi ya miezi sita.

dogo_mwaka_wa_tatu
Kaka mi naishi huko huko Mazimbu. Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ni elfu 10 kwa siku tangu 2022 na inaingia kwa mafungu ya kama siku 60, kwahiyo mwenye mkopo kamili anashika kama laki 6 kwa mpigo, na wengine hawana mkopo kabisa. Wiki mbili za kwanza watu wananunua simu, raba, chipsi kuku, ikifika wiki ya sita tunapika dagaa geto na tunakopa kwa mangi. Halafu chuo kikifungwa mtaa unakuwa kimya miezi na fremu unalipia vile vile. Ambao nimewaona hawatetereki hapa ni mama lishe na wenye steshenari za kuprinti, sababu kula na kazi za chuo huwezi kuahirisha.

mama_G_Kihonda
Nimeuza vitu vya watoto miaka minne, nikuambie ukweli ndugu yangu. Mzazi anajinyima yeye, mtoto hamnyimi. Ada serikali ilitoa mpaka kidato cha nne tangu 2016, na cha tano na sita 2022, lakini sare, viatu, begi na kauntabuku bado ni za mzazi, na Januari zote zinadaiwa wiki moja. Ila sare ndo iliniumiza, mwaka wa kwanza nilifunga mzigo wa sweta rangi ya shule moja, shule ikabadili rangi, nikabaki na robo tatu ya mzigo stoo mpaka leo naziona zinaniuma. Pampasi ndo inalipa kodi, faida ndogo kwa pakiti lakini mteja anarudi kila wiki kwa miaka miwili hivi, na akija anachukua na sabuni na mafuta. Usiweke saizi ndogo nyingi, mtoto wa saizi hiyo anaivuka haraka sana.

Mhesabuji
Mama G yupo sahihi na sensa ya 2022 inamuunga mkono, zaidi ya 4 kati ya kila watu 10 nchini wana chini ya miaka 15, wakati wenye 60 kwenda juu hawafiki hata 1 kati ya 10. Kwa wingi Kihonda inashinda. Ila angalieni na huyu wa katikati tusiyemtaja, kijana wa 25 mpaka 30 anayepanga chumba mara ya kwanza, godoro, mtungi wa gesi, ndoo, pazia, vyote ndani ya mwezi mmoja, akishamaliza humuoni tena mpaka aoe. Hela nyingi lakini ni mara moja.

Bi_Mstaafu
Mwanangu, mimi nilikuwa nesi, sasa nimepumzika. Wazee hatufanani. Aliyeajiriwa anapata kiinua mgongo, anaezeka nyumba, anafuga kuku, hela kubwa inaisha kisha anabaki na pensheni ya mwezi. Asiyeajiriwa anategemea watoto. Zanzibar tangu 2016 mwenye miaka 70 anapewa pensheni jamii, huku bara hilo halipo. Kwahiyo usijiulize mzee ana shilingi ngapi, jiulize nani anamlipia. Na vifaa tiba uulizie vibali TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla hujaagiza chochote.

Anna_wa_Tabata
Shikamoo Bi Mstaafu, umenigusa. Mimi ndo huyo anayelipia. Nina miaka 38, nipo Dar, mama yupo Kola huko Moro na ana sukari. Mashine nilimnunulia mara moja tu, vile vipande vya kupimia ndo nanunua siku zote, na lazima viwe vya mashine ile ile, vya kampuni nyingine havisomi. Nanunua Kariakoo namtafuta mtu wa kumpa kwenye basi, kuna siku vilichelewa mama akakaa siku nne bila kupima na mimi sikulala. Angekuwepo mtu Moro namtumia hela kwa simu, anampelekea mama mlangoni, ananipigia nikamsikia mama kapokea, ningemlipa na ya usafiri bila kubishana.

Mtaji_Moro
Asanteni sana, Bi Mstaafu shikamoo. Mazimbu naiacha. Nachukua Kihonda, pampasi za watoto na za wakubwa rafu moja, sare sigusi, madaftari naweka Desemba tu. Vifaa vya sukari sifungii mzigo, nashughulikia vibali kwanza halafu naanza na oda za watu kama Anna walio Dar na wazazi wao wapo huku, nijue kila mzee anatumia mashine gani. Dada Anna ya mama ni ipi?

Anna_wa_Tabata
Nimekutumia picha yake inboksi. Anapima kila asubuhi, kopo la vipande 50 linaenda kama mwezi na nusu. Lililopo linaisha tarehe 20.