Dakota ya Njoro: tuing'arishe au tuiache ilivyo?

MzeeBandarini: Wadau, hamjambo. Wengi wenu mmesikia habari ya lile ganda la Dakota, ndege ya zamani ya injini mbili, lililo shambani kwa bwana mmoja kule Njoro, karibu na Nakuru. Halina mabawa wala injini, na miaka nenda miaka rudi limekuwa banda la kuku. Mwenyewe amekubali kulitoa bure, mradi tulibebe wenyewe. Sisi wachache wa Kisumu tunataka lije lisimame karibu na ziwa, maana mji huu ulikuwa kituo cha ndege tangu 1931. Rangi imebambuka na alumini iliyo chini imefifia kama kifuniko cha debe. Mpwa wangu aliye Marekani ananiambia huko wastaafu hukusanyika Jumamosi wakasugua ndege kuukuu mpaka unajiona uso, na hawalipwi hata senti. Swali langu ni moja tu: na sisi tujitolee tuing'arishe, ama tuiache na uzee wake? Tujadili kwa heshima.

KijanaKondele: Mzee, heshima kwako, lakini neno kujitolea hapa kwetu maana yake vijana wafanye kazi na wazee wapigwe picha. Mimi nilijitolea miezi 7 mahali fulani kwa ahadi ya cheti. Hicho cheti nakisubiri mpaka leo. Wastaafu wa Marekani wana pensheni, mimi nina deni la kibanda.

DamuYaNakuru: Kabla hamjasugua, mtueleze kwanza: kitu cha Njoro kinaenda Kisumu kutafuta nini?

MzeeBandarini: Ndugu yangu, ni historia. Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walianza safari za kutoka London mpaka Mwanza mwaka 1931, wakipitia hapa Kisumu. Kuanzia Khartoum abiria walipanda ndege ya majini, ikashuka kwenye ziwa letu. Nakuru mlikuwa mnaangalia flamingo.

DamuYaNakuru: Flamingo wameingiaje hapa? Ndege za majini zilitua Naivasha pia, na Naivasha iko kaunti gani? Halafu yule mama rubani Beryl Markham, aliyevuka Atlantiki kwa ndege peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza, alikulia wapi? Njoro! Nyinyi mna mtu?

NyarDunga: Huyo aliyeitumbukiza pua ya ndege kwenye tope la Nova Scotia, Kanada? Mchukueni kabisa, hatugombani.

DamuYaNakuru: Alifika ng'ambo. Wewe umewahi kufika wapi, Ahero?

FundiKibuye: Naomba turudi kwenye bati. Mimi kazi yangu ni alumini, mwaka wa 22 huu. Juzi nilikuwa na mzigo wa kupeleka Nakuru, nikapita Njoro kuangalia hilo ganda kwa macho yangu. Mambo mawili. La kwanza, bati la ndege si kama bati la sufuria. Katikati ni aloi ngumu yenye shaba ndani yake, na hiyo shaba ndiyo inaifanya iliwe haraka na unyevu. Kwa hiyo kiwandani waliifunika kwa utando wa alumini safi kila upande. Utando wenyewe ni kama asilimia 5 ya unene, na bati zima sehemu nyingi halifiki milimita moja. Piga hesabu. Kila ukisugua unakula huo utando, na ukishaumaliza umeiacha ndege uchi.

La pili nililiona jioni, jua likiwa chini. Ukisimama ubavuni, nyuma ya mlango wa mizigo, unaona kivuli cha herufi. Rangi yake ilikwisha zamani, lakini mahali ilipokuwa alumini haikufifia sawa na kando yake. Nilisoma V, P, kistari, halafu K. Hiyo ni alama ya ndege zilizoandikishwa Kenya wakati wa ukoloni, kabla ya 5Y ya sasa. Herufi za mwisho sikuzipata, jua lilizama. Mkipitisha gurudumu la sufu la kung'arishia pale, dakika 10 nyingi, herufi hamna tena. Na hizo ndizo zingetuambia ilikuwa ndege ya nani.

MwalimuMstaafu: Ahsante fundi. Hata mimi sioni faida ya kung'arisha. Dakota nyingi zilitengenezwa wakati wa vita, zikatoka kiwandani na rangi ya kijani iliyopooza. Huko kumetameta kulikuja baadaye, ni tamaa ya mashirika ya abiria. Mnachotaka kufanya ni kama akina mama wa huko ziwani na sufuria zao, sugua, sugua mpaka ing'ae, halafu ukifunua ndani hakuna kitu.

NyarDunga: Mwalimu, umesema nini?

NyarDunga: Narudia. Ndani hakuna kitu? Umekula kwa nani ukanyimwa? Mimi nimelelewa na dana yangu, yaani nyanya, kule Dunga ziwani. Sufuria zake 14 zilipangwa ukutani kuanzia ya chai mpaka ya matanga. Mgeni akiingia alijua hapa kuna mtu. Ndani kulikuwa na samaki ngege, kulikuwa na kuon, yaani ugali, na watoto wa walimu kama wewe walikuwa wanakuja kula kwetu mwezi ukiwa kwenye kona!

KijanaKondele: Mwalimu ameguswa pabaya 😂

MwalimuMstaafu: Binti yangu, ulikuwa ni mfano tu.

NyarDunga: Mfano ungetoa wa kwenu.

MamaMumias: Kwetu pia tunasugua, lakini kwa majivu. Mchanga unakwaruza. Nawaona hao wa ziwani wakichukua mchanga wa ufuoni na kipande cha gunia, sufuria inalia kama mbuzi.

NyarDunga: Majivu yanaacha wingu. Mchanga mlaini unaoshwa kwanza, unachujwa, ndio unasugulia. Hamjui kitu.

MamaMumias: Hatujui? Sisi tunaopika mboga ya mrenda kwa munyu, chumvi yetu ya kienyeji, sufuria ikatoka nyeusi ndani kama chungu, kesho yake inang'aa tena? Tuulizeni sisi.

FundiKibuye: Mama Mumias, hapo umenipa neno. Munyu ni wa majivu, na majivu na magadi ndugu moja. Alumini haipendani nayo, ndiyo maana sufuria yako inageuka nyeusi. Sasa fikirieni Ziwa Nakuru. Lile si ziwa la maji matamu, ni magadi. Kiangazi likipungua, upepo unabeba vumbi jeupe. Ndege ya alumini ikae pale nje, bila rangi, imetoka kusuguliwa? Angalau ziwa letu halina hiyo shida.

DamuYaNakuru: Nilijua tu tutafika hapo. Sasa hewa yetu ni sumu. Basi lile ganda limekaa Njoro miaka yote na halijayeyuka!

FundiKibuye: Njoro iko juu, mbali na ziwa. Na sikusema sumu.

DamuYaNakuru: Umesema vumbi jeupe. Tumekuelewa. Nyinyi mna gugumaji mpaka meli inakwama, mbona sisi hatusemi?

KijanaKondele: Gugumaji halili alumini bana.

MzeeBandarini: Jamani, swali lilikuwa kung'arisha ama kuacha. Mbona wenzetu hawaogopi? Pale makumbusho ya Smithsonian, Marekani, waliitengeneza upya ndege ya Enola Gay kwa kama saa 300,000 za kazi. Leo inametameta.

MwalimuMstaafu: Ile iliyoangusha bomu Hiroshima! Mzee, katika ndege zote duniani ukaitafuta hiyo? Na kutengeneza si kusugua tu, wale walifungua ndege vipande vipande, wakasafisha, wakahifadhi.

MzeeBandarini: Haya, chukua mfano wa nyumbani. VC10, ile jeti ya abiria ya Waingereza, ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani ilikuwa ya East African Airways. Shirika lilipokufa 1977 Waingereza wakaichukua, ikawa ya jeshi lao la anga, kazi yake kujazia ndege nyingine mafuta angani. Iliruka mara ya mwisho Septemba 2013 kwenda uwanja wa Dunsfold, Uingereza, na watu wa makumbusho ya Brooklands wakaipokea. Mzungu anatunza ndege yetu, sisi tunabishana mchanga na majivu.

WaMwanza: Samahani, nilikuwa napita tu. Hiyo ndege iliandikishwa 5H. 5H ni Tanzania. "Yetu" ya nani?

MzeeBandarini: Ya Afrika Mashariki, ndugu.

WaMwanza: Mkigawana mali ni ya Afrika Mashariki, mkigawana madeni ni ya Tanzania. Endeleeni. Na huo mstari wa 1931 mwisho wake ulikuwa Mwanza, Kisumu palikuwa pa kunywa chai.

NyarDunga: Heri chai kuliko sufuria tupu ya mwalimu.

MwalimuMstaafu: Nimekwisha kuomba radhi.

NyarDunga: Wapi? Nimepanda juu na kushuka, sijaona neno radhi.

MwalimuMstaafu: Basi naomba radhi kwako, kwa dana yako, na kwa sufuria zote 14.

NyarDunga: Zilikuwa 14. Sasa ni 13. Ile ya uji ilitoboka. Hakuna aliyeiangusha, ilisuguliwa tu miaka, mpaka asubuhi moja uji ukaanza kudondoka kwenye moto. Dana aliinyanyua dirishani tukaona mwanga unapenya, vitundu kama vya chujio. Alicheka sana.

FundiKibuye: Ndicho ninachosema tangu jana.

NyarDunga: Sijasema nakubaliana na wewe. Sufuria yenyewe ilikuwa inapendeza mpaka siku ya kutoboka.

KijanaKondele: Mimi nauliza kitu kidogo. Nimetazama video za hao wanaong'arisha. Wakimaliza wanapaka kitu cheupe wanafuta. Kile ni nini?

FundiKibuye: Unga. Wa ngano, ama ule wanga wa mahindi. Kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, ikifanya kazi inatoa weusi mzito, na weusi ule unaganda kwenye safu za ribiti. Unga unaunyonya. Hata wanaong'arisha rimu za malori wanautumia.

KijanaKondele: UNGA? Ndege nzima ipakwe unga halafu ufutwe na kutupwa? Mzee Bandarini, huyo anayejitolea anakula nini mchana, kompaundi?

MamaMumias: Mifuko mitatu minne ya kilo mbili itatosha?

FundiKibuye: Ganda lina urefu unaokaribia mita 20, mama.

KijanaKondele: Basi mimi napiga kura: tuiache ilivyo. Huo unga tupike chapati.

MzeeBandarini: Kijana, hiyo si hoja.

KijanaKondele: Ndiyo hoja pekee iliyo na bei hapa. Mkitaka tung'arishe, tulipwe kama wanavyolipwa mafundi pale soko la Kibuye. Sijasikia mtu akimwambia Fundi aje bure.

FundiKibuye: Umesikia sasa. Mimi nitakuja bure, ila kwa kuiosha tu, kwa maji na sabuni laini, na tuipigie paa. Tukishazisoma zile herufi zote ndipo tuongee habari ya gurudumu. Mtu akija na gurudumu kabla ya hapo, narudi na gari langu.

DamuYaNakuru: Paa mnajenga wapi? Kwani mmeshakubaliana inakwenda Kisumu? Na nani analipa lori? Mita 20 kwenye zile kona za kuelekea Kericho, mtafunga barabara mpaka jioni. Sisi Njoro mpaka Nakuru mjini ni karibu tu.

MzeeBandarini: Na vumbi la magadi?

DamuYaNakuru: Mtu akitaja vumbi tena natoka kwenye huu mjadala.

MamaMumias: Vumbi.

FundiKibuye: Wadau, leo nimempigia simu mwenye shamba kumwomba nirudi na tochi usiku, nimulike zile herufi kwa ubavuni. Amesema nije, hana neno. Lakini habari ya kubeba tusahau kwa sasa. Kuku wawili wanaatamia pale nyuma, chini ya mlango wa mizigo, mmoja ameanza jana. Hataki mtu aguse ganda mpaka waangue.

KijanaKondele: Siku 21 hizo.

MzeeBandarini: Fundi, hiyo tochi beba mbili. Nakuja nawe.