Mpangaji wa duka Mwembe Tayari hajalipa kodi miezi minne: nitie kufuli, nipeleke dalali au niende wapi?

Bi Rukia wa Majengo

Assalam aleykum wanajamvi. Nina duka la chini hapa Mwembe Tayari, Mombasa, mpangaji anauza vifaa vya ujenzi. Kodi ni shilingi 45,000 kwa mwezi na sasa ni miezi minne hajalipa, jumla 180,000. Deposi yake ni ya miezi miwili. Mkataba hatukuandikiana, tulipatana kwa mdomo na pesa alikuwa akituma kwa M-Pesa. Mwezi uliopita nilimpa barua ahame ndani ya siku 30, hakutikisika. Ndugu yangu ananihimiza nitie kufuli langu juu ya lake. Wengine wanasema nimpelekee dalali akamate mali. Lipi linaruhusiwa? Na ghorofani kuna kliniki ya meno yenye mkataba wa miaka sita, nayo imeanza kusuasua. Njia ni hiyo hiyo?

Wakili wa Pwani

Wa aleykum salaam Bi Rukia. Kufuli usilitie kabisa. Wala usikate umeme, wala usizibe njia ya kuingilia. Chini ya Sura ya 301, ile sheria ya mwaka 1965 ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai. Tena atakimbilia BPRT, lile jopo la kodi za majengo ya biashara, aombe amri ya dharura. Kwa kawaida amri hiyo hutolewa kabla hujasikilizwa: unaambiwa ufungue duka, na gharama zinakuangukia wewe uliyekuwa ukidai.

Watu wengi hudhani kwa kuwa hakuna mkataba wa maandishi, mpangaji hana ulinzi. Ni kinyume chake. Upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, ndio hasa unaolindwa na Sura ya 301. (Majengo ya serikali na ya kaunti hayamo, kwa hiyo mwenye kibanda cha soko la kaunti asisome haya kama yake.)

Ile barua ya siku 30 ihesabu kama haikuandikwa. Notisi inayotambuliwa ni ya Fomu A, ile fomu rasmi ya sheria hiyo ya mwenye nyumba kumpa mpangaji notisi, na mambo matatu ndiyo huiangusha.

La kwanza ni tarehe. Notisi haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu mpangaji *alipoipokea*, si tangu ulipoiandika. Akiipokea tarehe 10 Machi, ukaandika kwamba itaanza tarehe 1 Mei, imekufa hapo hapo. Andika 1 Juni, ujipe nafasi.

La pili ni sababu. Lazima ziandikwe ndani ya notisi yenyewe, na ukifika mbele ya jopo huwezi kuleta sababu mpya. Kifungu cha 7 kinakubali kwamba mpangaji amekaa miezi miwili bila kulipa tangu kodi ilipoiva, yaani siku ya kulipa ilipofika, au kwamba amekuwa akichelewesha mara kwa mara. Ziandike zote mbili kama zote ni kweli. Ukiandika ya kwanza peke yake, atakuja siku ya kesi na risiti ya malipo yote na hoja yako itabaki dhaifu.

La tatu ni kumfikishia. Mkabidhi mwenyewe au mfanyakazi wake wa dukani, au itume kwa posta ya rejista. Nakala yako isainiwe na kuandikwa tarehe ya kupokea. Akikataa kusaini, aliyeipeleka aandike siku, saa na aliyemkuta, kisha aape kiapo cha maandishi. Notisi itoke kwa mwenye nyumba halisi. Kama jengo ni la urithi ambao haujagawanywa, au ni wakfu, hakikisha aliyesaini ana mamlaka. Mjini hapa hilo huleta matata kuliko kodi yenyewe.

Fomu A pia inamtaka akujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au la. Akitaka kupinga, apeleke shauri BPRT kabla ya tarehe ya notisi kufika. Akipeleka, notisi inasimama mpaka jopo liamue. Hapo usikae kimya: omba jopo limwamuru alipe kodi ya kila mwezi wakati kesi ikiendelea. Asipopinga, notisi inafanya kazi, lakini hata hapo usivunje mlango. Omba amri ya kukabidhiwa duka, na uombe ndani yake kwamba OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha karibu, asimamie usalama. Bila sentensi hiyo polisi mara nyingi hawataki kuja.

Dalali wa Bondeni

Naongeza upande wa kukamata mali. Kuna Sura ya 293 inayompa mwenye nyumba haki ya kukamata vitu vya mpangaji kwa deni la kodi. Lakini kwa upangaji wa aina ya Bi Rukia, pata kwanza ruhusa ya BPRT, maana kifungu cha 12 cha Sura ya 301 ndicho kinacholipatia jopo mamlaka hayo. Dalali anayekubali kwenda na barua yako tu anakuingiza kwenye kesi.

Dalali awe na leseni. Siku ya kwanza habebi kitu. Anaandika orodha ya mali, kila kitu na thamani yake, anamwachia mpangaji nakala, na anampa siku za kulipa zilizowekwa na sheria. Siku zikiisha ndipo vitu huondolewa na kutangazwa mnada.

Duka la vifaa vya ujenzi lina mali inayouzika: saruji, mabati, rangi, nondo. Chukua hizo. Kifaa kinachotumika mkononi mwa mtu wakati ule hakikamatwi. Na chunga mali ya watu wengine: friji la kampuni ya soda, mashine ya kuchanganyia rangi iliyoazimwa, mzigo ambao mteja ameshaulipia unangoja gari. Vyote hivyo vina wenyewe, na watakuja.

Hesabu iwe safi kabla dalali hajatoka. Ukikamata na kuuza mali kwa kodi isiyokuwepo, mwenye mali anaweza kudai thamani yake mara mbili. Toa taarifa ya M-Pesa, panga mwezi kwa mwezi: kilichotakiwa, kilicholipwa, kilichobaki. Na gharama za dalali zipige kabla. Wakati mwingine mali iliyobaki dukani haizifikii, na hapo ni bora kutafuta kurudishiwa duka kuliko kutafuta pesa.

Bi Rukia wa Majengo

Shukrani sana. Sasa akinitumia kodi ya mwezi mmoja baada ya notisi, niirudishe? Na ile deposi?

Wakili wa Pwani

Usirudishe. Mwandikie siku hiyo hiyo kwamba unaihesabu kwenye deni na kwamba notisi inabaki palepale. Deposi ionyeshe wazi kwenye hesabu zako, ila usiimalize kwa deni akiwa bado ndani. Hiyo ndiyo itakayolipia bili na uharibifu akitoka. Likibaki deni, una miaka sita ya kumshtaki kwa kila kodi tangu ilipoiva.

Kibokoni

Kuhusu kliniki, njia ni nyingine. Mkataba ulioandikwa wa miaka sita haumo kwenye Sura ya 301, *isipokuwa* una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka mitano ya mwanzo bila mtu kukosea. Mawakili wengi hukitia kwa mazoea, na kikiwamo unarudi BPRT na Fomu A. Kisipokuwamo, unafuata Sheria ya Ardhi ya 2012: notisi ya maandishi inayotaja kosa na kumpa muda wa kulirekebisha, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakama inaweza kumwonea huruma mpangaji akilipa yote.

Hapa kodi ina mtego. Ukipokea kodi iliyoiva *baada* ya kosa huku unajua kosa lipo, unaweza kuhesabiwa umesamehe haki ya kuvunja mkataba. Kukamata mali nako ni kukiri kwamba upangaji unaendelea. Kwa hiyo amua mapema unataka pesa au unataka ghorofa.

Na kabla ya yote, angalia kama mkataba huo ulilipiwa ushuru wa stampu. Usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini, na kliniki ikiwa na wakili makini, hilo ndilo pingamizi lake la kwanza.