Tupeane uzoefu: kuchagua matairi ya kubadilisha kwenye pikipiki ya zamani

Mrithi wa 1983
Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki ya mwaka 1983 niliyoachiwa na baba mdogo. Injini inawaka kwa teke moja, breki ziko sawa, lakini matairi yamekwisha. La mbele lina nyufa ubavuni kama tope lililokauka, la nyuma ni kipara katikati. Mbele pameandikwa 3.00-18, nyuma 3.50-18, yaani upana wa tairi na kipenyo cha rimu kwa inchi. Muuzaji ananiambia namba hizo zimepitwa na wakati, nichukue 120/80-18 nyuma kwa sababu ni nene na litashika barabara vizuri zaidi. Roho inasita. Waliopitia hili waseme yaliyowapata.

Kijana wa Karakana
Nafuatilia kwa karibu, na mimi langu limeisha.

Spoku 36
Mkuu, hiyo roho yako isikilize. Mimi nililiweka hilo hilo 120/80-18 kwenye rimu nyembamba ya kiwandani, upana wake inchi 1.85. Kwa macho ilipendeza sana. Kilichotokea ni kwamba rimu nyembamba inazibana kingo za tairi nene, halafu mgongo wa tairi unachongoka badala ya kuwa duara. Ukienda moja kwa moja huoni tofauti. Ukianza kulala kwenye kona, pikipiki inasita, kisha inaanguka ndani ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Siku ya tatu nikaona vumbi jeusi limeganda kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu) upande wa cheni. Nikapitisha kidole: mpira. Cheni ilikuwa inalila tairi ubavuni, mstari umechimbika kiasi cha kuingia ukucha. Nililitoa likiwa bado na kashata (meno ya tairi) zake zote, na hela ikawa imepotea.
Namba zako za inchi zina ndugu zake zinazotaja upana kwa milimita. 3.00-18 inakaribiana na 90/90-18, na 3.50-18 inakaribiana na 100/90-18. Tafuta hizo, usivuke hapo.

Gia Nne
Kweli tupu. Rimu ndiyo inayochagua tairi.

Fundi Mstaafu
Niongezee kidogo. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 56P. Hiyo 56 ni mzigo, tairi linabeba kilo 224. P ni kasi, mwisho kilomita 150 kwa saa. Usishuke chini ya kile kitabu cha pikipiki kinachotaka, hasa nyuma kama unabeba mtu. Kupanda juu yake hakuna shida.

Upepo Tu
Mimi nakushauri achana na tyubu kabisa. Nunua tyubulesi, ziba vichwa vya spoku kwa ndani na gundi nzito, unapumzika na pancha. Nimetembea hivyo miezi minne.

Spoku 36
Ndugu, usimpotoshe mwenzako. Rimu ya tyubu haina ule mgongo mdogo wa ndani unaoushika ukingo wa tairi lisilo na tyubu. Upepo ukiisha ghafla, ukingo unadondoka katikati ya rimu na tairi linacheza ovyo ukiwa kwenye mwendo. Hapo gundi haikusaidii.

Upepo Tu
Miezi minne haijadondoka.

Spoku 36
Mwagia maji ya sabuni kwenye spoku leo usiku, uje utuambie unaona nini.

Fundi Mstaafu
Msigombane vijana. Tairi la tyubulesi unaweza kulivalisha kwenye rimu ya spoku, ila ndani weka tyubu mpya ya saizi yake, na utepe wa rimu uwe mzima ili vichwa vya spoku visiitoboe. Shida ni kulitembeza bila tyubu kwenye rimu isiyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Dada wa Kona
Sikupanga kuandika, ila niliposoma "nyufa ubavuni" mwili umesisimka.
Mimi sikuuziwa tairi lenye nyufa. Niliuziwa tairi jipya kabisa. Kashata zimejaa, vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vimesimama, karatasi ya gundi bado imebandikwa. Saizi sahihi, na mwelekeo wa mshale tuliufuata. Nikafurahi kwamba nimepata la saizi ya zamani maana hayapatikani kirahisi.
Wiki ya pili mvua ilinyesha, si kubwa, manyunyu tu. Nyuma nimempakia mdogo wangu wa mwisho. Kona ninayoijua, gia ya tatu, kama kilomita 40 kwa saa. Sikushika breki. Sikuongeza moto. Tairi la nyuma likaondoka tu, kama vile kuna mtu amelivuta kwa kamba. Nakumbuka nikiona taa ya nyuma ya pikipiki yangu mwenyewe inateleza mbele yangu, nikajua tumeshaachana nayo. Halafu nikasikia mdogo wangu anaita jina langu mara moja, akanyamaza.
Mtulinga wake ulivunjika. Mimi nilichunika goti na kiganja.
Siku tuliporudisha pikipiki nyumbani nilikaa chini nikalitazama lile tairi. Nikabonyeza ukucha kwenye kashata. Haukuingia hata chembe, ilikuwa kama kubonyeza kitufe cha shati. Ndipo jirani akanionyesha tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT yaliyo ubavuni mwa tairi: 3105. Wiki ya 31, mwaka 2005. Nililifunga mwaka 2019. Lilikuwa limekaa ghalani miaka 14 likikauka, na mimi nikaliita jipya.

Kijana wa Karakana
Pole sana dada. Mdogo wako anaendeleaje?

Gia Nne
Pole. Nimetoka nje na tochi sasa hivi. La kwangu 2216. Sitalala.

Upepo Tu
Pole dada, lakini kwenye manyunyu hata tairi zuri linateleza. Mwanzo wa mvua vumbi na mafuta vinapanda juu.

Dada wa Kona
Kaka, kona hiyo hiyo nimeipita kwenye mvua mara nyingi na tairi la kabla ya hapo. Sibishani juu ya hili.
Mdogo wangu amepona, asanteni. Bega moja limebaki chini kidogo kuliko jingine.

Mzee wa Silinda Moja
Kwa hiyo tukubaliane, miaka mitano likitimiza tupa.

Fundi Mstaafu
Hapana, watengenezaji wengi wanasema kuanzia miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama kashata zipo. La kwangu lina minane, limekaa ndani, mbali na jua, bado linabonyea.

Mzee wa Silinda Moja
Wewe una macho ya fundi. Mtu wa kawaida atupe kwenye mitano. Na yenye tarakimu tatu badala ya nne hayo ni ya kabla ya mwaka 2000, hata kwenye bembea ya watoto nisingeyaweka.

Baiskeli Moto
Jamani na mimi la kwangu: nilifunga radiali (nyuzi za ndani zinakatiza tairi moja kwa moja) mbele na la nyuzi za mshazari nyuma. Usukani ulikuwa unatikisika nikifika kilomita 80. Nilipoweka jozi moja ya mshazari, kama ilivyotoka kiwandani, kimya.

Mrithi wa 1983
Nimerudi na majibu. Nilienda na tochi. 100/90-18 la kwanza alilonipa lilikuwa na miaka saba, limekaa juani dirishani. Nikalikataa, akakasirika, akaleta jingine la mwaka huu. Tumefunga na tyubu mpya zote mbili, tukapaka poda, na ule mstari mwembamba wa pembeni uko sawa na rimu mzunguko mzima. Nimetembea kilomita 60 taratibu. Ila valvu ya nyuma imelala kidogo. Fundi anataka kukaza nati yake hadi kwenye rimu.

Fundi Mstaafu
Asikaze! Nati hiyo irudishwe juu kwenye kifuniko. Valvu ikilala ni dalili kwamba tairi linahama juu ya rimu na linaivuta tyubu. Ukiikaza huioni tena, mwisho inang'oka shinani. Mlijaza upepo kiasi gani?

Mrithi wa 1983
Nimepima asubuhi likiwa baridi: psi 19. Kitabu kinataka 28 nyuma. Tumetoa upepo wote, tumelizungusha tairi mpaka valvu ikasimama, tumejaza 28. Kilomita 40 nyingine, bado iko wima. Hadi nifikishe kilomita 150 silazi pikipiki kwenye kona.