Naomba ushauri: sala inaua hatari kwenye riwaya yangu

Msaka Kalamu
Bwana asifiwe, wakuu. Naandika riwaya ya ulimwengu wa kubuni, wenye majoka na falme zilizoanguka. Binti mmoja, Tariya, amebeba taa ambayo lazima ifike kwenye mnara uliozimwa na mfalme wa giza. Shida ni hii: kila akibanwa anaomba, na kila akiomba mlango unafunguka. Sura ya saba yeye na wenzake wako kwenye genge la mlima, kamba imekatika, joka linapanda kutoka chini. Anapiga goti, joka linageuka jiwe. Aliyenisomea mswada anasema kuanzia hapo hakuogopa tena. Sala siitoi, ndiyo roho ya hadithi. Ila nifanyeje hatari iwe hatari kweli? Na Yesu nimtaje vipi kwenye ulimwengu usio na Bethlehemu?

Kalamu Nzito
Mkuu, kaa na Matendo ya Mitume 27. Paulo yuko merikebuni, malaika kashamwambia kwamba hakuna atakayepoteza maisha, lakini dhoruba haitulii. Mabaharia wanashusha mashua kwa hila wakimbie, Paulo anamwonya akida kwamba hao wakiondoka, waliobaki hawataokoka. Askari wanakata kamba, mashua inakwenda na maji. Mwishowe watu 276 wanafika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao, na merikebu imevunjika vipande. Ahadi imetimia yote, na msomaji roho ilikuwa juu muda wote! Mwache Tariya aombe, halafu joka liendelee kupanda. Jibu liwe ule ujasiri wa kumshika mwenzake badala ya kukimbia na taa.

Binti Sayuni
Kuhusu jina, soma Esta. Kwa Kiebrania Mungu hatajwi popote katika kitabu kile. Ila usiku mmoja mfalme anakosa usingizi, anasomewa kumbukumbu za ufalme, na hapo ndipo mambo yanageuka. Mwandishi Tolkien, Mkatoliki aliyeshika dini, hakuweka kanisa katika riwaya yake The Lord of the Rings (1954–1955), lakini pete ya uovu inaangamia tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria. Usilazimishe mahubiri, dada au kaka. Matendo ya Tariya yamtaje.

Mlinzi wa Lango
Mimi nina wasiwasi na hiyo taa. Ikiwa na maneno ya siri yanayoilazimisha iwake, huo ni uchawi, na Kumbukumbu la Torati 18 inaukataza bila kona. Anayeomba anaweza kukataliwa. Shadraka na wenzake, mbele ya tanuru la moto, walikiri Mungu anaweza kuwaokoa, kisha wakasema hata asipowaokoa hawatainama. Bwana mwenyewe aliomba kikombe kiondoke, na akakinywa. Tariya naye akataliwe walau mara moja, tena kwenye jambo analolipenda.

Msaka Kalamu
Mmenifungua macho, Mungu awabariki. Joka la jiwe nalifuta leo hii. Anayekufa gengeni atakuwa Hebo, kaka yake. Swali moja tu limebaki: usiku ule Tariya aombe nini?

Kalamu Nzito
Zaburi 88. Karibu zaburi zote za kilio hugeuka kuwa sifa kabla ya kuisha, hii inaishia gizani. Mpe maneno ya namna hiyo, na asishukuru upesi. Sura ya nane aamke akiwa bado na hasira na Mungu, na bado aibebe taa.