Eti kodi ya tumbo! Leo nimedhalilishwa hapa Moshi mjini

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka. Yule jamaa wa dirisha la mwisho pale ofisi ya serikali mnamjua, msijifanye. Miwani kwenye paji la uso, sambusa mkononi, kazi anaikumbuka saa tisa na nusu.

Mama ana kiharusi, upande wote wa kulia umelala. Nimemwachia jirani, nikaenda kuuliza kwa adabu kama kuna posho yoyote kwa anayeuguza mzazi nyumbani. Kibanda changu cha mitumba soko la Memorial nimeshafunga, na pampasi za watu wazima hazikopeshwi.

Jamaa akacheka mpaka sambusa ikataka kumtokea puani. "Ulipwe kwa kumlisha mama yako? Wewe ulikaa tumboni kwake miezi tisa, ulilipa kodi?"

Kodi ya tumbo! Mbele ya foleni nzima! Hadi bibi mwenye mkongojo kacheka, na mimi ndiye niliyempisha kwenye benchi.

Akanielekeza kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Kwanza ule ni mkopo. Halafu vijana wanataka kikundi. Kikundi cha nani, mimi na godoro? Uingereza ukimhudumia mgonjwa saa 35 kwa wiki unaweza kudai posho. Mimi hizo 35 Jumanne mchana zimeisha, naulizwa kodi. Ya TUMBO!

Mzee wa Kiboriloni: Nimecheka hadi mke kaniuliza nina nini. Ungelipa, ungepewa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi?

Binti Pasua: Pole. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, nambeba mgongoni na ameshakuwa mkubwa. Bajaji wananidai nauli ya watu wawili. Hilo mbona halifunguliwi uzi?

Kandambili: Zanzibar ukifika miaka 70 kuna pensheni jamii tangu 2016. Hamieni huko.

Mleta mada: Hiyo ni ya mzee mwenyewe, siyo ya anayemgeuza usiku. Na yule jamaa alikuwa anaongea huku anatafuna!

Ndizi Ng'ombe: Wewe si kitinda mimba? Kihamba, shamba la ukoo, Uchagani si huachiwa wa mwisho, na migomba na nyumba? Posho gani tena unatafuta.

Mleta mada: Kihamba kipi? Kaka wa Dar keshaweka bikoni za mipaka.

Mzee wa Kiboriloni: Bikoni bila kikao cha ukoo?? Ndiyo zao hao. Desemba wanashuka na gari la kukodi, mbuzi moja, kesho yake wanapima shamba.

Binti Pasua: Hapo kwa mama wamepiga picha wakatuma "tuombeane" kwenye grupu.

Ndizi Ng'ombe: Msituseme wa Dar wote. Nani alijenga choo cha ndani?

Kandambili: Choo hakina maji mkuu. Hizo bikoni zing'oeni. Kuna mtu wa Kibosho humu? Nina kesi kama hiyo, njoo PM.