"Sound" ni makelele, ni uzima, ao ni bahari? Munisaidie

Kijana wa Birere (Goma)
Bandugu muko aje. Hii neno ya Kiingereza "sound" mimi nilijua ni mlio tu, kama sono, ile muziki ya spika ya ku ndoa, basi. Sasa juzi patron mmoja ananipa karatasi za boti anataka kununua, nimutafsirie, wameandika "the hull is sound", nami nikamwambia papa hii boti iko na makelele kwa chini. Mzee akakasirika, akataka kuachana nayo kabisa, kumbe muuzaji anasema tumbo ya boti iko nzima! Ukurasa ya pili nakuta "soundings" na namba za mita, nikafunga karatasi. Neno moja inabebaje vyote hivi?

Mama Kadutu
😂😂 umepandisha mzee wa watu presha bure

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)
Mdogo wangu, hiyo haiko neno moja, ni manne yamevaa shati moja. Ni kama paa yetu: paa ya nyumba, paa mnyama, kupaa juu, kupaa samaki magamba, nani alikwambia ni ndugu? Ya mlio ni Kilatini, sonus, ikapitia Kifaransa, son. Zamani Waingereza walisema soun, hiyo d ilijibandika tu mdomoni, sawa vile sisi tunabandikaka i na u ku maneno ya wageni. Ya boti ya mzee ni Kiingereza cha kale kabisa, gesund, na Mjerumani mpaka leo anaita hivyo mtu mwenye afya. Ndiyo "safe and sound", ile sain et sauf yetu ya Kifaransa. Ingine ni mlango wa bahari, kama Øresund kati ya Denmark na Sweden, ao Puget Sound kule Seattle, na sund ya kale ilimaanisha pia kuogelea. Za mita sasa, hiyo unaijua tayari kwa Kifaransa: sonder, kupima kina! Ile sonde, mupira banawekaka mugonjwa ku lupitalo, sondage, kupima maoni ya watu wakati wa uchaguzi, yote ukoo moja.

Mwana Idjwi
Mwalimu amesema kweli. Mabaharia wa zamani walishusha kamba yenye risasi nzito, ile chuma laini, na chini yake kuna kashimo wanajazamo mafuta ya mnyama, ikigusa chini inapanda na mchanga ao matope, hapo nahodha anajua mita ngapi na tena anajua yuko juu ya nini. Hapa ziwa Kivu kwenye inapita mita 400 utachoka kuvuta kamba bwana. Na Waingereza wakisema "sound him out" hawamaanishi umupigie muziki, ni kumupima mtu polepole moyo wake iko wapi.

Mwalimu wa Ibanda
@Mwana Idjwi halafu ona, dikshoneri mingi zinasema sonder yenyewe inaonekana Wafaransa waliitoa kwa ile ile sund ya watu wa bahari ya kaskazini. Kwa hiyo ya tatu na ya nne labda ni binamu, nirudishe maneno yangu kidogo.

Mama Kadutu
Na mzee alinunua?

Kijana wa Birere (Goma)
Alinunua mama, aksanti bote. Tumbo nzima kabisa, haiingize hata tone. Ila moteri sasa... makelele yake unaisikia toka Himbi 😅 mzee anasema mi nilitafsiri vizuri tangu mwanzo.